Mashavu ya Kindi

Paukwa! Wameitika wawili tu. Wengine mmeshiba mno. Paukwa! Haya, sasa hadithi ina wenyewe.

Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa na ghala moja la mbegu, na Kindi ndiye aliyekuwa mweka hesabu. Vikapu vya kuwekea mbegu vikaoza, mvua zikakaribia. Kindi akatumwa akague vikapu vya ndege Mnana na vya Panya, waliosuka vya kuuza, kisha ashauri vinunuliwe vya nani.

Panya akamwendea. Akamwambia kila kikapu kitakachonunuliwa kina kamisheni yake ya karanga, na hizi ni za mwanzo. Kindi akasema yeye hali rushwa. Panya akasema hii si rushwa, ni asante iliyowahi. Kindi akaona jina zuri, akajaza shavu la kushoto.

Siku ya pili asante ikaja tena, akajaza shavu la kulia. Siku ya tatu ikaja tena, akajaza hata chini ya ulimi. Wala hakumeza, mlafi yule. Alikuwa anaweka akiba.

Baraza likakaa. Kwao mshauri huulizwa kwanza mara tatu kama amepokea cha mtu. Aliyeuliza ni Kanga, mama wa vifaranga tisa. Mbegu zikipotea, wanawe hawana chakula mwaka mzima.

Akauliza mara ya kwanza, Kindi akatikisa kichwa. Mara ya pili, akatikisa kichwa. Mara ya tatu Kanga akasema anataka kusikia sauti.

Kindi akafungua kinywa aseme "Sijapokea." Karanga zikamwagika mpaka miguuni pa Tembo, mkuu wa baraza.

Kindi akadai ni za shambani kwake. Lakini Panya alikuwa ameshainama, anaziokota.

"Samahani jamani, hizi zangu. Hata kikapu kimoja hakijanunuliwa."

Baraza zima likacheka, ila Kanga. Kindi akalia, akaapa kwamba vikapu vya Panya alivipenda hata kabla ya karanga.

"Labda," akasema Kanga. "Lakini tangu ulipojaza shavu la kwanza, hata wewe mwenyewe hujui."

Wanyama wakavijaribu vikapu wenyewe kwa mtama. Vya Mnana vikashika. Vya Panya vikavuja, vifaranga wakala wakashiba siku ile. Kindi akaachishwa kazi.

Basi ndugu zangu, ukiombwa ushauri usipokee cha muuzaji. Na ukipewa, sema mbele ya watu kabla hujashauri, waamue wao.

Hadithi yangu imeishia hapo. Muhogo huu kanipa Bi Mwatumu, nanyi nyote mmeona.