Kalibu ya Zamda

“Imekauka?”

Hapo zamani, zamani ya karibu tu, magari yameshaanza kufa na kuacha betri zao, mwanamke mmoja aliuliza hivyo. Watu watatu walimsikia. Hakuna aliyemjibu. Shikeni hapo, maana ugomvi wote umetoka hapo.

Mwanamke huyo ni Zamda, mkwe wa Mzee Sadala wa mwalo wa Rugongwe, wanakoegesha wavuvi wa ziwa Tanganyika. Ukoo wa Sadala haukuvua, uliwavulisha wengine. Walichukua risasi ya betri kuukuu, wakaiyeyusha uani, wakaimimina kwenye kalibu, jiwe lililochongwa umbo la samaki ndani. Akatoka samaki wa risasi: kidude kizito chenye umbo la dagaa, ndoana imechomoza mgongoni. Mvuvi akikishusha majini na kukichezesha, samaki aitwaye mgebuka hudhani ni dagaa aliyeumia, akakimeza. Mwalo mzima ulikula kwa samaki hao.

Uani kwa Sadala kila mtu na kazi yake. Wanaume walichonga kalibu. Shangazi Mwamini, dada wa Mzee Sadala, alimimina, na mkono wake haukutetemeka hata mwaka aliozika mume. Wakwe walipuliza moto na kunyamaza. Zamda akapuliza, akanyamaza, akapuliza, akanyamaza, macho yako kwenye kalibu. Akaona kitu. Samaki wao walizama wima kama msumari. Dagaa mgonjwa hazami hivyo. Dagaa mgonjwa huzama akiyumba.

Akachukua tofali la kuchoma, akalipasua vipande viwili, akachonga kwa ncha ya msumari na kisu cha jikoni. Huku ubavu mnene, huku ubavu mwembamba, ili samaki ayumbe. Akachonga, akafuta, akachonga tena. Kisha akamwonyesha mumewe, Yasini.

“Nani kachonga?”

“Mimi.”

“Acha utani.”

“Haya, kachonga paka.”

Yasini akacheka, akaipeleka kwa baba yake. Mzee Sadala akaigeuza, akaigeuza tena, akapitisha ukucha ndani ya mfereji wake. Akasema, “Imiminwe mara moja. Ikitoa samaki anayeyumba kama anavyosema huyu, atachonga na sisi. Isipotoa, arudi kwenye moto wake.”

Mara moja. Hiyo ndiyo nafasi aliyopewa Zamda, na aliitaka kuliko chakula.

Sasa, ukoo huo ulikuwa na desturi. Kalibu mpya lazima ionyeshwe maji: mkubwa wa ukoo huizamisha ziwani, ipate kujua watoto wake watakwenda wapi. Halafu, risasi ikianza kung’aa kama kioo, uani hapasemwi neno. Neno, walisema, humpasua samaki tumboni mwa kalibu.

Mzee Sadala akaichukua kalibu kwenda kuizamisha. Zamda akamfuata nyuma.

“Baba, zenu ni za jiwe. Hii ni tofali. Tofali linakunywa.”

“Mbona nyumba za tofali hazilewi?”

Watu wakaangua kicheko. Mzee akazamisha, akatoa, akampa Yasini. “Kausha.”

Yasini akaianika juu ya bati, jua linawaka. Mchana akaigusa, akaona nje ni kavu na moto. Akaridhika.

Mara kelele langoni. Migebuka imepanda, inaruka mbele ya mwalo, wavuvi wanataka samaki wa risasi, wanataka sasa! Siku zote Shangazi Mwamini hupasha kalibu juu ya mkaa kwanza, ndipo amimine. Siku hiyo hakupasha. Risasi ilikuwa imeshang’aa, upawa wa chuma uko mkononi, watu wanagonga lango. Zamda akainama, akaishika kalibu yake kwa koleo. Kimya kimetanda. Ndipo akauliza.

“Imekauka?”

Shangazi akamkazia macho kwa kuvunja kimya. Mzee akakunja uso. Yasini akatazama ndoana zilizo kiganjani mwake. Shangazi akamimina.

Maji yaliyojificha ndani ya tofali yakageuka mvuke. Kalibu ikatema. Risasi ikaruka, na tone moja likaingia jicho la kulia la Zamda. Jicho hilo halikuona tena.

Mnadhani watu waliuliza nini? “Alisogelea nini?” Hilo ndilo waliuliza! Amepoteza jicho, bado anaulizwa kichwa chake kilifuata nini pale.

Kwenye vipande vya kalibu akaokotwa samaki mmoja, ana tundu ubavuni. Mvuvi mmoja akamfunga kwenye mshipi, akamtupa majini. Akazama akiyumba. Huku, huku. Wote wakamwona.

“Ndiye,” akasema Mzee Sadala, “lakini kalibu iliyotema imemkataa mchongaji.” Ndivyo ilivyokuwa sheria yao: mchongaji hashiki kalibu tena maisha yake. Isipokuwa mwingine asimame mbele ya ukoo, aseme kosa ni langu. Hapo anaondoka yeye kwenye kazi ya risasi, na mchongaji anabaki.

Zamda akasimama uani, kitambaa jichoni. “Jicho limekwenda, silidai. Nadai mkono wangu wa kuchonga. Mmoja wenu aseme.”

Mzee Sadala akasema, “Jukumu langu nililifanya. Nimezamisha kalibu tangu sijaoa, haikutema hata moja. Nikaagiza ikaushwe, nikamwagiza mtu mzima mwenye ndevu.”

“Nilikwambia ni tofali, baba.”

“Uliniambia. Kisha ukaniachia.”

Yasini akasema, “Jukumu langu nililifanya. Niliigusa, ilikuwa kavu. Sikuiweka jikoni kwa kuogopa isipasuke, maana ulikuwa nayo hiyo hiyo moja. Mke wangu, ningeipasua ungenisamehe?”

“Nilipouliza, ungeshindwa kusema hata ‘sijui’?”

“Risasi ilikuwa inang’aa. Ningesemaje mbele ya risasi?”

“Kumbe risasi ina masikio, mimi sina!”

Shangazi Mwamini akasema, “Jukumu langu nililifanya. Kazi yangu ni kumimina. Sikuipasha, kweli, na hilo nitalala nalo. Lakini mkamwana, koleo lilikuwa mkononi mwako. Kalibu uliijua kuliko sisi wote. Shaka ulikuwa nayo wewe. Mbona hukuiondoa?”

Zamda akamgeukia.

“Ningeiondoa,” akasema, “mngesema mwanamke kaogopa moto. Mngenipa mara ya pili?”

Mzee akatazama chini. Yasini akatazama chini. Shangazi peke yake alimtazama, akatikisa kichwa: hapana, tusingekupa.

Basi wamekwama pale. Mmoja lazima aiache risasi, na hakuna anayetoka mbele.

Je, nani alistahili kuondoka? Mzee, aliyeambiwa akafanya mzaha? Mume, aliyegusa nje akaridhika na ndani? Shangazi, aliyejua kupasha na hakupasha? Au Zamda, aliyejua kuliko wote, akauliza, na hakungoja jibu?

Nimeshaambiwa “wote.” Wote ni jina la nani? Nimeshaambiwa “bahati mbaya,” na aliyeniambia ana macho mawili.

Nakuomba wewe uliyesikiliza: mtaje mmoja kwa jina, uniambie na sababu.