Mashine Aliyotaka Kuisikia Mzee Mshana

Sogeeni, na mwenye simu aizime, maana mwisho nitawauliza nyie.

Pale Kisangara kulikuwa na mashine ya kusaga ya Mzee Mshana. Watoto wake watatu. Nakijwa, dada yao, mdomo: huyo anaongea mpaka mbwa anaacha kubweka. Elinami, boda: pikipiki yake ilikuwa inang'aa kuliko meno yake. Mkunde, mikono: injini ikikohoa tu, anajua inaumwa wapi.

Mzee akaugua figo. Mashine ikalala, kodi haikulala. Deni likapanda, watu wa kodi wakaja wakapiga kufuli. Mzee yupo kitandani, nyumba ya nyuma tu ya mashine, akawaambia wanawe, "Atakayefanya niisikie ikiunguruma tena kabla sijafa, itakuwa yake."

Nakijwa akaenda ofisini. Anaambiwa njoo kesho, kesho anakuja. Akawabana kwamba wanamkadiria mzee kama mtu anayesaga, wakati hata kunyanyuka hawezi. Wakalainika. Adhabu ikafutwa, deni lilipwe kidogo kidogo, ila malipo ya kwanza yaingie ndipo kufuli litoke.

Ya kwanza akatoa Elinami. Aliuza pikipiki. Kijiweni wakamchana, "Vipi bosi, leo miguu umeijaza mafuta?" Akacheka nao. Alivyofika nyumbani alijifungia, hakula.

Kufuli likatoka. Kumbe ndani injini imeshika kutu, panya wametafuna mkanda. Mkunde akaifumua yote, akaiosha kwa dizeli, mkanda akaushona upya kwa mkono mpaka vidole vikachanika.

Sasa hapa ndipo walipoharibu. Siku ya kuiwasha, kila mmoja aliogopa asipokuwepo wenzake watasema ni wao walioiwasha. Wakaenda wote. Mzee wakamwachia dirisha wazi.

Mkunde akazungusha hendeli. Injini ikagoma, ikagoma, ikashika. Mtaa mzima ukasikia. Wakatoka mbio kumwambia baba yao, wanasukumana mlangoni kama watoto.

Mzee alikuwa ameshakata roho. Mwili bado wa moto. Aliisikia? Aliondoka kabla? Hakukuwa na mtu wa kusema.

Matanga yalipoanuliwa, baba mdogo, mdogo wake marehemu, aliyeachiwa kuamua, akaweka ufunguo wa mashine mezani. Nakijwa hata hakuuangalia. Akasema apewe Elinami, ndiye aliyeuza chake. Elinami akasema apewe Mkunde.

Mkunde akasema, "Baba mdogo, mimi kila ikiunguruma nitakuwa namuona baba yuko peke yake. Mpe dada."

Dada akaanza kulia.

Ufunguo upo pale pale mezani. Atakayeushika anashika na deni lililobaki, na usiposhikwa, mashine inapigwa mnada.

Haya, leo baba mdogo ni wewe. Hao watatu wamekaa mbele yako, hakuna anayenyanyua macho. Unamkabidhi nani?