Kamba Isiyo na Mzigo

Wapendwa, najua mmechoka. Hata mimi nimechoka. Basi niwape kisa cha mtu aliyechoka kutuzidi.

Kulikuwa na rubani mmoja wa helikopta. Kazi yake ilikuwa kupandisha saruji mlimani, pasipofika gari, ili watu wa kule wajengewe zahanati. Mifuko ilitiwa kwenye wavu, wavu ukaning'inizwa kwa kamba ndefu chini ya helikopta. Kutwa nzima alipanda na kushuka, shingo imekaza, macho yanawasha, roho iko juu juu, mzigo usije ukayumba ukamvuta. Mnaujua uchovu huo? Ule wa kutamani uwekewe tu maji ya kuoga, usiulizwe kitu?

Jioni akashusha mzigo wa mwisho. Mafundi wakaufungua wakishangilia. Helikopta ikawa nyepesi, naye akashusha pumzi. Msimamizi wao akamwita kwenye redio.

“Kapteni, kamba bado inaning'inia. Tua kwanza tuikunje, tukuwekee ndani.”

“Nimechoka, kaka. Niache niende nyumbani.”

“Si wewe uliyetufundisha kwamba kamba tupu hairushwi bila uzito chini yake?”

“Ni mimi. Lakini mzigo si umeshuka? Kamba tupu itanifanya nini?”

Akaondoka kwa kasi. Akiwa na mzigo alikwenda polepole, sasa alikimbia. Upepo ukaiinua ile kamba, ikapepea nyuma, ikajisokota kwenye pangaboi dogo la mkiani. Helikopta ikazunguka kama pia, ikaangukia shamba la viazi. Walimchomoa akiwa hai, miguu imevunjika yote miwili, naye akalia, “Jamani, lakini sikuwa nimebeba kitu!”

Na sisi je? Ndugu yako alikudhulumu, ukamsamehe hapa hapa mbele yetu, tukapiga vigelegele. Mzigo ukautua kweli. Mbona basi akipita unaguna? Mbona jina lake likitajwa mezani unanyamaza, hata watoto wako wanajua mazungumzo yamekatika kwa nini? Unasema, “Nimeshasamehe, hakuna kitu tena.” Mwenzangu, ulipokuwa na mzigo ulikwenda kwa hadhari, ukaomba. Sasa unakimbia, na kamba iko nyuma yako.

Najua una hamu ya kufika nyumbani. Hata mimi ninayo. Lakini ndugu yako ameketi benchi la nyuma, na amekuona. Kabla hujaufikia mlango ule, geuka umwite kwa jina lake.