Picha Sita za Mbeyu

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumatano, Mbeyu Ngala alikata jina la picha ya nne kwenye orodha yake, kisha akaliandika tena pale pale. Ilikuwa mara ya sita. Karatasi ilikuwa imeanza kutoboka.

Orodha ile ilikuwa kipande cha mwisho cha mpango alioupa kichwa "Namna ya Kujinadi" na kuubandika ukutani mwezi wa pili, alipoamua kuwa mchoraji wa picha za vitabu. Mpango ulikuwa na kila jambo ambalo wachoraji chipukizi hushauriwa kulifanya: ukurasa wa Instagramu wenye picha mpya kila Jumatatu na kila Alhamisi, kadi mia mbili zenye jina na nambari ya simu, barua kwa wachapishaji tisa. Miezi mitano ilikuwa imepita. Kadi kumi na moja zilikuwa zimetoka mkononi mwake. Mchapishaji mmoja tu alikuwa amejibu.

Jibu hilo ndilo lililomkosesha raha. Mhariri wa vitabu vya watoto, Bi Everlyne, angefika kutoka Nairobi na kuwaona wachoraji siku ya Alhamisi, katika chumba kilichokodiwa barabara ya Nkrumah. Kila mmoja angepewa dakika kumi na angeleta picha sita, si tano wala saba. Kazi iliyotafutiwa mchoraji ilikuwa kitabu cha hadithi cha kurasa thelathini na mbili.

Baada ya Alhamisi ilikuwapo Ijumaa, na Ijumaa ilikuwa na ukomo wake. Mjomba Ngowa, aliyekuwa akiishi naye Majengo, alikuwa amemwombea nafasi ya karani katika kampuni ya malori Shimanzi: siku sita kwa wiki, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni.

"Nimewaomba wakusubiri mara mbili, mwanangu," mjomba alikuwa amemwambia. "Mara ya tatu watanicheka. Ijumaa saa sita mchana nataka neno moja, ndiyo au la. Na 'la' bila kazi nyingine mkononi si jibu, ni njaa."

Mbeyu alizijua saa zile. Karani wa Shimanzi hana saa ya kuchora.

Kwa kuwa hakuweza kuiamini hofu yake, aliamua kuziamini tarakimu. Alipiga jedwali na kuandika kila picha ilimchukua muda gani. Mlango wa nakshi, saa arobaini na moja. Roshani ya mbao, saa thelathini na sita. Zile sita zilizomchosha kuliko zote ndizo zilizoshinda. Utaratibu huo ulikuwa safi kama mchele uliopetwa, nao ulimtuliza kwa muda wa robo saa.

Alizipeleka mtaa wa Kuze, kwenye duka la kuchapisha la Fadhiya, rafiki aliyekaa naye dawati moja katika shule ya upili. Fadhiya alizichapisha, akazipanga juu ya kaunta, kisha akazitazama kama mtu anayekagua macho ya samaki kabla ya kununua.

"Nyumba nzuri," alisema. "Wenyewe wamehama?"

"Wenyewe nani?"

"Watu. Hapa kibarazani palikuwa na kitoto kimekaa, kimevaa kiatu mguu mmoja. Nilikichapisha kwa mkono wangu mwezi wa nne. Kiko wapi?"

"Nimekifuta. Kiliziba nakshi."

"Na yule bibi wa roshanini aliyekuwa akimfokea paka?"

"Fadhiya, yule bibi alinichukua dakika kumi na mbili! Nakshi zimenichukua siku nne. Siwezi kumpelekea mhariri kitu cha dakika kumi na mbili."

"Kwani mhariri yuaja na saa ya kukupimia?"

"Wewe ni mpiga chapa, si mchoraji."

"Haya. Lakini kinyozi hajinyoi, shoga, na akijinyoa hujikata. Niache nikuchagulie mimi."

"Wewe? Umewachapishia mabango nusu ya Mombasa, na lako hapo nje halisomeki hata mtu akipanda ngazi. Wateja wapita wakidhani pamefungwa."

Fadhiya alicheka mpaka akaishika mashine ya fotokopi. "Ndilo nakwambia! Mimi najijua, sijinyoi. Nangoja mtu."

Mbeyu hakucheka. Alizitia picha zake ndani ya bahasha, akaaga, akaenda zake.

Alhamisi saa nne kasorobo alikuwa amekaa kwenye benchi la kusubiria, bahasha mapajani. Kijana mmoja aitwaye Morris aliingia mbele yake, akakaa dakika kumi kamili. Kicheko cha mhariri kilisikika mara tatu kupitia mlangoni. Mbeyu alizihesabu.

Zamu yake ilipofika, Bi Everlyne alizifunua picha zote sita taratibu, akazirudia kuanzia mwanzo.

"Mkono wako ni imara," alisema. "Hadithi yetu ni ya msichana anayemfukuza kuku mpaka ndani ya darasa. Hapa sioni msichana, wala kuku. Watu unaweza kuwachora?"

"Naweza."

"Sina sababu ya kukukatalia. Lakini siwezi kurudi Nairobi na neno 'naweza'. Wenzangu hutazama karatasi."

Zilikuwa zimebaki dakika nne. Mbeyu aliyakumbuka maelezo aliyoyakariri mbele ya kioo. Katika sentensi ya kwanza aliomba radhi kwa uchanga wake. Katika ya pili alijisifu. Katika ya tatu alisema kwamba ule mlango ulimchukua saa arobaini na moja. Mhariri aliandika kitu kwenye daftari, naye Mbeyu hakuweza kujua kama lilikuwa jambo jema au baya.

"Kuna kitabu kingine," Bi Everlyne alisema akimrudishia bahasha. "Ni kidogo, cha kurasa kumi na sita, cha darasa la pili. Orodha yake naifunga kesho saa nne asubuhi. Hili nimewaambia wachoraji wote. Ukiwa na watu, nitumie picha sita kwa barua pepe."

Saa tisa alasiri ujumbe ulifika kwenye simu za wachoraji wote waliofika siku hiyo. Kitabu cha kurasa thelathini na mbili kilikuwa kimepewa Morris.

Mbeyu aliusoma akiwa njiani kwenda Kuze. Alipofika dukani, hakukumbuka hata kusalimu.

"Nimejikata," alisema.

"Wapi?"

"Kurasa thelathini na mbili."

Fadhiya hakusema "si nilikwambia", ingawa ilionekana wazi kwamba kujizuia kulimgharimu. Alifungua kompyuta yake. Humo zilikuwamo rasimu zote alizowahi kumchapishia Mbeyu, tisini na saba, kila moja kama ilivyokuwa kabla ya kusafishwa.

"Sharti langu moja," alisema. "Kaa pale kwenye stuli, unipe mgongo."

Mbeyu alikaa akikitazama kichochoro. Nyuma yake kipanya kilikuwa kikibofywa, kikinyamaza, kikibofywa tena.

"Umechukua ipi?"

"Tazama njia."

"Si ile ya mwanamume anayepiga chafya?"

"Hiyo ndiyo ya kwanza."

"Masikio yake hayalingani!"

"Ya babangu pia hayalingani, na wake zake wawili hawajalalamika. Tazama njia, nakwambia."

Fadhiya alichagua picha sita kwa dakika ishirini. Kitoto cha kiatu kimoja kilirudi kibarazani, na bibi akarudi kumfokea paka wake. Kwa jedwali la Mbeyu, rasimu zile sita kwa jumla zilikuwa za saa tisa. Kisha Fadhiya akaandika maelezo: "Mbeyu Ngala huchora watu wasiojua kwamba wanatazamwa. Mimi ndiye nimchapishiaye. Nakala zake zikiharibika mashineni, wateja wangu huziomba." Mbeyu alitaka kulifuta neno "zikiharibika". Fadhiya akautoa mkono wa mwenzake kwenye kibodi, na saa kumi na moja jioni akabonyeza kitufe cha kutuma yeye mwenyewe.

Ijumaa saa nne asubuhi orodha ilifungwa. Saa tano hakukuwa na jibu. Mbeyu alikuwa amekaa dukani kwa Fadhiya, simu mbele yake, akiigeuza kifudifudi na kuigeuza tena. Saa tano na dakika ishirini ililia. Alikuwa mjomba.

"Vipi?"

"Bado dakika arobaini, mjomba."

"Hizo si dakika tena, mwanangu, ni ukaidi. Yule bwana wa Shimanzi amekaa na kalamu mkononi."

"Dakika arobaini tu."

Mjomba alikata simu. Mbeyu alianza kuyapanga kichwani maneno ya kusema ndiyo. Aliyapanga mara mbili, na mara zote mbili akayavuruga.

Saa tano na dakika thelathini na nane barua pepe iliingia. Bi Everlyne alimpa kitabu cha kurasa kumi na sita. Alieleza kwamba wenzake walikubaliana baada ya kumwona mtu anayepiga chafya, na kwamba masikio yasirekebishwe. Mkataba ulikuwa umeambatishwa.

Fadhiya aliuchapisha. Mbeyu aliusoma mara mbili, akatia sahihi juu ya kaunta, akaupiga picha na kuutuma. Saa sita kasoro dakika tano alimpigia mjomba wake, akamwambia la, akamsomea kifungu cha kwanza cha mkataba. Mjomba alimtaka akisome tena, polepole, kisha akasema ataongea na Shimanzi.

Kitabu cha kurasa thelathini na mbili kilibaki kwa Morris. Kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata.