Kuku wa Nyuma ya Jiko

Wapendwa, kabla sijawafundisha neno lolote, acheni nianze na aibu yangu mwenyewe.

Mwaka ule wa kideri, ule ugonjwa wa kuku, wengi mnaukumbuka, kuku walikuwa wanaanguka kila nyumba. Jumapili moja asubuhi nikamkuta tetea wangu amejikunyata, ameanza kusinzia, shingo inamwelemea. Mnajua nilifanya nini? Nilimfunga miguu nikamleta hapa kanisani, kuwa sadaka ya mavuno. Nilimweka kapuni nikamfunika kwa majani ya mgomba ili watu wasione anavyosinzia. Ibada ilipoisha na mnada ukaanza pale nje, nilisimama kando nikiomba anunuliwe upesi kabla hajafa. Naam, niliomba! Akanunuliwa na Bibi Ndeshi, mjane, naye akanishika mkono akasema, "Mwinjilisti, Mungu akujazie banda lako." Nikaitikia amina. Bibi yule ametutangulia, sina tena wa kumwomba radhi, ndiyo maana nasema mbele yenu.

Kwa hiyo mfano huu msidhani nautoa nikiwa nimesimama upande wa wasafi.

Kulikuwa na mama mmoja mfugaji wa kuku. Banda lake lilikuwa mbele ya nyumba, karibu na barabara, limejaa broila weupe. Mnawajua broila. Wiki nne au tano wameshafika, wazito hata kutembea ni kazi. Wakipata mafua, na mafua hayaishi kwenye banda lililobanana, mama huyu aliwatilia dawa kwenye maji. Kopo la dawa lilikuwa na maandishi: usichinje mpaka zipite siku saba, dawa iishe nyamani. Mama alikuwa anajua kusoma. Lakini broila akishakomaa, kila siku unayomweka anakula tu. Jumamosi ikifika na watu wamejipanga getini, nani atakaa ahesabu siku saba?

Nyuma ya jiko, sasa, alikuwa na kuku wengine, wa kienyeji, sita au saba hivi. Hao walikuwa wanaparua chini ya migomba, wanakula wadudu na makombo. Hao hakuwauza. Ndio waliokuwa wanaliwa nyumbani kwake, yeye na wanawe.

Mmeona? Mbele wa kuuza, nyuma wa kula. Je, kwako kukoje?

Basi kulikuwa na mwanamke mmoja, jirani wa mtaa wa pili, ambaye mumewe alikuwa amepasuliwa tumbo. Alikuwa ametoka hospitali amebaki mifupa, amelala chali tangu Pasaka. Mkewe aliambiwa ampe supu apate nguvu. Kila Jumamosi mwanamke huyu alikuja getini, akachukua kuku mmoja, akaenda. Mama mfugaji akamzoea, wakawa wanaitana dada. Akawa anamchagulia mwenye kifua kikubwa na kumuulizia mgonjwa. Alimpenda kweli, hakuwa anaigiza.

Jumamosi moja yule mwanamke akaja anacheka huku machozi yanamtoka.

"Dada, jana ametembea! Mwenyewe! Ameshika ukuta mpaka mlangoni, akaniambia nimletee kiti akae juani."

"Weee!" Mama mfugaji akamkumbatia juu ya geti. "Mpaka mlangoni?"

"Mpaka mlangoni, tena akaniuliza kwa nini ua sijaufagia."

"Huyo amepona. Mwanaume akianza kukukaripia, amepona huyo!"

Watu kwenye foleni wakacheka. Kaka mmoja nyuma akapiga kelele, "Jamani, harusi hiyo mtaimaliza saa ngapi? Wengine tuna wageni!"

Mama mfugaji hakumjali. Furaha ilikuwa imemjaa. Akamwambia, "Ngoja, dada, usiondoke." Akakimbia nyuma ya jiko, akamkamata tetea mmoja mwekundu, mnene wa haki, akaja naye amembeba kwapani. "Chukua huyu. Wala usitoe kitu, huyu ni wa shemeji yangu."

"Mbona wa kienyeji? Nimezoea hawa hawa."

"Mchukue tu, dada yangu. Huyu hana dawa."

Ndugu zangu, neno lilimtoka hivyo hivyo, kwa upendo, na likishatoka halirudi. Mwanamke alikuwa ameshampokea yule kuku. Akasimama. Akamtazama kuku, akalitazama banda la mbele.

"Kwa hiyo wale wana dawa?"

Mama mfugaji akaanza kufuta mikono kwenye khanga.

"Dada. Jumamosi zote hizi?"

"Si zote," akasema, sauti imemshuka. "Kuna ambazo walikuwa hawajamaliza siku."

"Na ulikuwa unajua ninampelekea nani."

"Nilikuwa najua."

Mngesema nini ninyi? Mimi ningepiga kelele mtaa mzima usikie. Yule mwanamke hakupiga kelele. Aligeuka akamwangalia msichana aliyesimama nyuma yake, mwenye mtoto mgongoni.

"Leo umenipenda, dada, nashukuru," akasema. "Huyu mwenye mtoto je? Yeye utampa yupi?"

Mama mfugaji akamtazama msichana. Hakulijua jina lake. Alikuwa amemuuzia mara nyingi, jina hakuwahi kumuuliza. Mtoto mgongoni alikuwa amelala, mdomo wazi.

Akachukua kufuli, akafunga banda. Akasema kwa nguvu wote wasikie: "Jamani, mnisamehe. Hawa wako kwenye dawa mpaka Ijumaa. Leo siuzi. Na kuna siku nimewauzia wakiwa hivi hivi, mnisamehe na kwa hilo."

Foleni ikaanza kunung'unika. Yule kaka wa wageni akasogea mbele. "Mama, acha mambo yako. Nipe watatu niondoke. Mbona tunakula siku zote na hatufi?"

"Sikupi, kaka yangu."

"Basi kuna banda kule chini, hawana maneno mengi."

"Nenda. Mimi sikupi."

Akaenda, na wengine wengi wakamfuata. Mwenye mgonjwa naye akaenda na tetea wake mwekundu, bila kuaga. Mama mfugaji akabaki peke yake getini, funguo mkononi, asijue kama dada yake yule atamwona tena.

Wiki nzima hakumwona. Jumamosi iliyofuata walikuja watu wachache. Katikati yao akamwona yule mwanamke, amejipanga kama wengine. Zamu yake ilipofika akauliza, "Leo wamemaliza siku?"

"Wamemaliza, dada."

"Basi nichagulie, kama ulivyozoea."

Wala hakumkagua yule kuku. Akamchukua, akaenda kupika.

Wapendwa, tukikaa barazani tunalalamika. Nyama ya siku hizi haina ladha, kuku analainika kama pamba, maziwa hayagandi, nyanya imepigwa dawa jana na leo iko sokoni. Tunasema wao, wao. Wao ni nani? Tunaofuga si sisi? Na tunaokasirika tukiambiwa ng'ombe huyu ana sindano, subiri wiki ijayo, tukahamia kwa mwingine asiye na maneno, si sisi pia? Mama yule hakukosa upendo. Upendo alikuwa nao mwingi, ila aliufuga nyuma ya jiko, akawa anaugawa kwa anaowajua majina. Na sisi ndivyo tulivyo. Kile tusichothubutu kumwekea mtoto wetu sahanini, tunampimia mtoto wa mwingine, tena tunamwambia karibu tena. Mungu anawajua wote kwa majina, hata wale wa mwisho kwenye foleni.

Sina amri ya kuwapa, nina ombi tu. Wewe uliyeacha nyumbani kuku au ng'ombe aliye kwenye dawa, nakuomba usimuuze mpaka siku zake ziishe, na maziwa yake usiyapeleke kwa mtu. Na mnunuzi akikuuliza, mwambie kweli.