Barafu Hukawia, Haiibi

Barafu hukawia, haiibi. Mmeisikia leo kwa shangazi yenu mkacheka, mkadhani anamtania Lyatuu kwa kuchelewa kuleta pombe ya mbege. Methali hii haikuzaliwa kwenye utani. Ilizaliwa kwenye hasira, na mimi nikiisimulia hasira hunipanda, kwa hiyo anayetaka kucheka akachekee zizini. Ilianza hivi.

Mgeni mmoja alitaka kufika kileleni mwa mlima wetu, akaajiri wapagazi wa kijiji hiki. Mnyapara wao aliitwa Kiwia. Walipanda saba, wakashuka sita. Mlatie hakurudi, wala sanduku la vyombo vya mgeni alilolibeba. Kiwia akasimama sokoni akatangaza kwamba Mlatie ametoroka na sanduku, yuko ng'ambo ya mlima anakula raha. Wenzake walikuwa nyuma ukunguni, hawakuona kitu, lakini wakaitikia. Tangu siku hiyo Ndeonasia, mke wa Mlatie, akaitwa mke wa mwizi. Zamu yake ya maji mferejini ikarukwa, na akilalamika anaambiwa amfuate mumewe akamchimbie mfereji mwingine. Walikuwa watu wabaya, hata kama ni babu zetu.

Ndeonasia hakukubali; aliamini mumewe amebaki huko juu. Alipanda mwenyewe hadi kwenye barafu. Wakati ule kila mtu aliamini kuwa barafu imesimama tu kama ukuta, na Kiwia aliamini hivyo kuliko wote. Ndeonasia akapanga mawe juu yake kwa mstari mmoja, toka mwamba wa upande huu hadi wa upande ule, apate kujua kama kweli imesimama. Kiangazi kilichofuata akaukuta mstari umepinda. Mawe ya katikati yalikuwa yameshuka hatua tano, na ya kando, ambako barafu inakwaruzana na mwamba, yamebaki nyuma.

Akaelewa. Theluji mpya huiangukia ya zamani na kuigandamiza, mwaka baada ya mwaka, mpaka ile ya chini inakuwa barafu ngumu. Ikishakuwa nzito huteremka polepole, ikikwangua miamba na kubeba mawe, na ikifika chini kwenye joto huyeyuka na kuyatua. Lile tuta la mawe mnaloliona kule juu hakuna mtu aliyelijenga.

"Kama inatua mawe," alisema Ndeonasia, "itamtua na mume wangu."

Akapanda kila kiangazi kwa miaka ishirini na miwili. Wakamwita kichaa.

Mwaka wa ishirini na mbili barafu ikamtua Mlatie. Alikuwa kijana vilevile, na mkewe ana mvi. Sanduku lilikuwa bado limefungwa mgongoni. Kiunoni alikuwa na kamba, na ncha ya kamba ile ilikuwa imekatwa kwa kisu.

Alishushwa hadi sokoni. Kiwia akaja ameshika jani la isale. Mnajua kwetu, mtu akikuletea isale unasamehe, hata kama amekuulia ng'ombe.

"Alitumbukia kwenye ufa, shemeji," Kiwia alisema. "Tulikuwa tumefungana kamba. Alikuwa ananivuta, ningekufa na mimi."

"Kukata kamba nakuelewa. Uliogopa. Ungeniletea isale siku ile, ningelipokea huku nalia. Lakini mwizi, Kiwia? Nani alikutuma useme mwizi?"

"Niliona aibu. Nikadhani barafu imeshammeza, basi."

"Isale ni la kosa moja! Wewe hili umelirudia kila siku ya soko kwa miaka ishirini na miwili, ukinitazama usoni. Na ninyi nyote mkamwitikia, mkaninyima maji. Mmeniibia jina la mume wangu. Huko juu nilikuwa na barafu peke yake, na hiyo imenirudishia yeye na kila kitu chake, mpaka sanduku. Barafu hukawia. Haiibi!"

Hakulipokea isale lake. Haikuwahi kutokea isale kukataliwa, na siku ile hakuna aliyethubutu kumlaumu. Kiwia alibaki nalo mkononi katikati ya soko, watu wakimpita.

Basi, anayechelewa na mbege mtafutieni methali nyingine. Hii mwekeeni mtu anayejua alichokificha na bado anakula na kulala vizuri. Mwambieni mkimtazama usoni: barafu hukawia, haiibi.