Aliyechora, Aliyesema na Aliyefuta

Nilikuwa natwanga kisamvu, jasho limeniingia machoni, wanangu watatu walipoingia uani wakigombana. Video yao ya kufundishia imeshinda shuleni. Zawadi ni nafasi moja ya kusomea utengenezaji wa video chuoni bila ada. Moja! Kazi ya watatu, nafasi ya mmoja, na mwalimu kanitupia mimi mzigo: nipeleke jina kesho asubuhi.

Wajueni kwanza. Nyamizi akichora kikombe, utataka kukinywea. Kabula ana sauti inayomnyamazisha mtoto anayelia. Mihayo hachori wala haongei mbele za watu. Yeye huona kilichozidi.

Video iliwafundisha kina mama kliniki kuchanganya dawa ya mtoto anayeharisha: pakiti moja, lita moja ya maji safi.

Nyamizi alichora kila hatua, akazungushia maua.

Kabula alieleza kila picha taratibu, kwa maneno ya sokoni. Akaongeza muziki, na maelezo yake yote akayaandika juu ya picha.

Ilipoonyeshwa ukutani mara ya kwanza, kina mama waliusifu muziki. Walipoambiwa wachanganye, mmoja akamimina pakiti nzima kwenye kikombe. Mtoto angezidiwa kwa dawa hiyo!

Mihayo akakaa kwenye kompyuta, akafuta. Maua, muziki, maandishi. "Ukisoma huku unasikiliza, vyote vinakuponyoka," alisema. Akabakiza picha, sauti, na maneno mawili tu: LITA MOJA. Tena akahakikisha picha ya chupa ya lita moja inatokea pale pale sauti inapoitaja. Mara ya pili kila mama alichanganya sawasawa.

"Wewe ulifuta tu!" Nyamizi akamfokea. "Hata mbuzi anafuta, akila karatasi!"

"Mbuzi angeanza na maua yako," Mihayo akamjibu.

"Bila mimi," Kabula akadakia, "wangeziangalia hizo picha kama kalenda ya dukani."

"Kimya!" Nikagonga mchi kinuni. "Huyo mwalimu angekuwa na watoto watatu chini ya paa moja, asingeleta zawadi ya kipuuzi namna hii!"

Sasa ugali uko mkekani. Nyamizi yupo, kanuna. Kabula yupo, anavuta bakuli la kisamvu upande wake. Mihayo yupo, anamega tonge haliingii mdomoni. Wote wapo, na kesho lazima nitaje mmoja.

Je, ninyi mnaonisikiliza, mngemtaja nani? Na jioni, mkiwapakulia wale wawili waliokosa, mngewaambia nini?